Karatasi za Kero za Nyumba Namba 14

Lathe Crescent 14, Skelbeck
3 Februari 1998

Mdogo wangu Clive,

Hujambo huko kwenye visiwa vyenu vya upepo? Inga hajambo? Na kondoo wake, maana najua wakiumwa wao nyumba nzima hailali. Sisi huku tunasukuma siku. Goti langu linakataa ngazi. Binamu Norman amerudishwa hospitali na anamwambia kila mgeni kwamba chakula cha pale kinashinda cha mkewe, na mkewe keshasikia, kwa hiyo usishangae akikaa huko zaidi. Maua ya kaburi la Mama yameoza kwa mvua. Nimeyatoa jana, nikabaki na kadi yako.

Nakuandikia kwa sababu simu yako ina maradhi. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe, inakatika. Barua haikatiki.

Halmashauri wameniletea barua. Wanasema nyumba hii ilikuwa ya Mama, na Mama amefariki tarehe tisa Januari, basi waitaka. Nitaweza kurithi upangaji wake ikiwa tu nitathibitisha kwamba niliishi naye humu miezi kumi na miwili mfululizo kabla hajafa. Nikishindwa, nitoke. Clive, nina miaka hamsini na nne. Chumba changu cha juu ya duka la mikate nilikirudisha nilipohamia kwa Mama, Novemba ya mwaka juzi. Sina pengine.

Sasa sikia kichekesho. Kwenye makaratasi yao Mama aliishi peke yake. Barua zangu zilikuwa bado zinakwenda dukani kwenye mikate, maana sikutaka kumchanganya kichwa kwa kumjazia mlango majina mawili. Na kuna fomu ya punguzo la kodi ya halmashauri, lile wanalopewa wanaoishi peke yao, imejazwa mwaka jana kwa jina la Mama kwamba humu hamna mtu mwingine. Imejazwa na nani? Mama alikuwa hawezi kushika kijiko, sembuse kalamu.

Si hilo tu. Kuna mtu amekuwa akipeleka malalamiko ya kero dhidi ya namba 14, mwaka mzima. Kelele, milango, redio. Jina hawasemi, ni siri ya ofisi. Siri gani! Ukuta wetu tunagawana na mmoja tu, Muriel Stobbs. Tangu lini yule akawa na haja ya kujificha? Ananisalimia kila asubuhi kwa meno yote, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Niandikie barua, utie sahihi, useme dada yako Avril aliishi na Mama tangu Novemba 1996. Wewe ni mwanawe, watakusikiliza.

Dada yako,
Avril


Shetland
1 Machi 1998

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, meli ya posta ilikaa bandarini siku nne kwa dhoruba. Sisi wazima. Inga anakusalimu sana, amekufumia soksi za rangi usiyoipenda, jiandae kuzisifia. Paa la zizi limeng'oka nusu. Mpe Norman pole, na mkewe mpe pole zaidi.

Kuhusu nyumba, dada, nimelala nikaliwaza. Kwa nini ung'ang'anie nyumba ya vyumba vitatu na goti hilo? Wana vile vijumba vya wazee nyuma ya kanisa, sakafu moja, bustani ndogo, na kengele ya kuvuta ukianguka. Omba mojawapo. Ukianza kushindana na halmashauri watachimba, na wakichimba hakuna anayejua watatoa nini. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Faili liache lilale, usiombe kulisoma. Utajiumiza bure.

Na Muriel Stobbs muache. Mama alimpenda.

Hapa kazi ni nyingi. Nimeomba kazi ya ulinzi wa bandari, wanachunguza tabia ya mtu tangu shule ya msingi. Nikiipata nitaacha kunuka samaki, Inga atafurahi.

Nduguyo,
Clive


Lathe Crescent 14
8 Machi 1998

Clive,

Nashukuru kwa salamu. Soksi nazingoja. Norman karudi nyumbani, na mkewe amempikia kabichi siku tatu mfululizo.

Nina swali moja. Umesema faili niliache lilale. Faili gani? Nimeisoma nakala ya barua yangu, mimi huweka nakala, unanijua. Hakuna mahali nimetaja faili. Nimetaja fomu, nimetaja malalamiko. Wewe umejuaje kama kuna faili, na kwamba humo mna kitu cha kuniumiza?

Vile vijumba vya nyuma ya kanisa wanapewa walio na miaka sitini. Umeniongezea sita kwa mkupuo, asante.

Na ile barua niliyokuomba, mbona hukuigusa hata kwa kidole? Umezungumzia paa, dhoruba, soksi, umepita pembeni ya ombi langu kama mtu anayekwepa dimbwi.

Wamenipangia kikao tarehe 28 Aprili. Watu watatu mezani, na yule afisa nyumba, Bwana Nuttall, kijana mwenye tai fupi anayeniita "Avril" kama watu tuliosoma pamoja. Nikishindwa siku hiyo nina majuma manne ya kufunga vyombo.

Muriel nimemkabili. Juzi alikuwa anaanika nguo, nikamwita juu ya ukuta wa bustani.

"Muriel, umeniandika?"

Hakuuliza kuandikwa nini. Alibana chupi ya marehemu mumewe kwenye kamba (bado anazifua, usiniulize) akasema, "Naandika ninachosikia."

"Na unasikia nini, ewe mama?"

"Ninachosikia ndicho nimeandika."

"Mwaka mzima unanichekea usoni!"

"Kukusalimu ni adabu, Avril. Kelele ni kelele. Usichanganye."

Nikamwambia ana roho ya paka shume. Akaniambia nishuke kwenye ndoo kabla sijaanguka, maana nilikuwa nimesimama juu ya ndoo. Tangu hapo salamu hakuna. Kila akipita nafunga mlango kwa nguvu kidogo, apate la kuandika.

Nijibu swali langu.

Avril


Shetland
29 Machi 1998

Dada,

Hatujambo. Kondoo wawili wamezaa mapema.

Unanishuku bure. Halmashauri zote duniani zina mafaili, ningesema nini kingine? Ungekuwa polisi ungeshika watu kwa kusema "mlango" kabla hujataja nyumba.

Kuhusu barua, sitaandika, na naomba usinielewe vibaya. Siwezi kutia sahihi jambo ambalo sikulishuhudia. Mimi niliishi huku. Muda wote ule nilikuja mara moja tu, Ijumaa Kuu ya mwaka jana, na unajua mwenyewe hata hatukuonana, ulikuwa umekwenda kupanga foleni ya samaki na meli yangu ilikuwa haingoji. Nitasemaje nani alilala wapi? Wakiniuliza kwa kiapo nitatoa macho.

Watu wa bandari wamenipa jibu la awali, ni zuri. Bado wanachunguza.

Clive


Lathe Crescent 14
9 Aprili 1998

Clive,

Natumaini wanakondoo wanaendelea. Mimi siendelei vizuri, na nitakueleza kwa nini.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya nyumba na kuomba kulisoma faili. Nuttall akanikalisha kwenye kichumba kisicho na dirisha, na mama mmoja mlangoni wa kuangalia nisile karatasi. Nikaanza na fomu ya punguzo. "Je, kuna mtu mwingine mzima anayeishi katika nyumba hii?" Alama imewekwa kwenye "Hapana." Sahihi, H. Garside, jina la Mama. Tarehe, 28 Machi 1997. Ijumaa Kuu.

Clive, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika herufi ya G, pale mezani jikoni, ukiwa na miaka mitano, na mpaka leo mkia wake unaupeleka kulia badala ya kushoto. Niliuangalia ule mkia mpaka macho yakaniuma. Nilikuwa kwenye foleni saa nzima nikuletee samaki wa Ijumaa Kuu, na wewe ulikuwa kwa Mama unaniandikisha kwamba sipo.

Nuttall akaniuliza, "Unautambua huu mwandiko?" Nikasema siutambui. Nimesema uongo ofisini kwa ajili yako. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea tu. Nilivyotoka nililia kwenye kituo cha basi mpaka mzee mmoja akanipa nusu ya mkate wake wa soseji.

Lakini ngoja, kuna la pili.

Zile karatasi za malalamiko. Halmashauri humpa mlalamikaji karatasi zenye mistari: tarehe, saa, umesikia nini, umemwona nani. Wengi hujaza wiki mbili wakachoka. Huyu wetu alijaza tangu Desemba 1996 mpaka siku aliyokufa Mama, hakuruka hata Krismasi. Jina limefutwa kwa wino mweusi, lakini kwani mimi mjinga? Muriel alikuwa karani wa saa kwenye geti la kiwanda cha biskuti miaka thelathini. Aliandika mtu kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi. Kastaafu yeye, mkono haukustaafu.

Nilisoma kwa hasira, kisha nikaacha hasira. Sikia: "Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Binti anateremka ngazi kwa kishindo. Anaweka birika." "Saa nne. Binti anagombana na mtu wa makaa." "Saa tatu usiku. Binti anapanda. Mlango wake umefungwa kwa nguvu." Kila siku ya Mungu, Clive! Aliandika ili nifukuzwe, kumbe amenihesabia siku zangu humu ndani moja baada ya nyingine. Hakuna ushahidi mwingine kama huo nchi hii.

Nikamwonyesha Nuttall. Akakuna shingo. Akasema karatasi isiyo na jina haiwezi kusimama kikaoni, mwandishi mwenyewe ajitokeze aseme ni zake. Na akaniambia jambo jingine: nikizitumia, nimekubali na kelele pia.

Mengine yaliyomo humo sikunakilii. Ni ya humu ndani.

Jioni nimegonga kwa Muriel. Alifungua akiwa na kitambaa cha vyombo.

"Nimekuja kukuomba," nikasema.

"Juzi nilikuwa paka shume."

"Leo nakuomba hivyo hivyo."

Nikamweleza. Alisikiliza amesimama, hakunikaribisha. Mwisho akasema, "Nikijitokeza, mtaa mzima utajua ni mimi."

"Mtaa mzima unajua, Muriel."

Alifunga mlango.

Imebaki tarehe 28. Na wataniuliza tena ile fomu ni mwandiko wa nani.

Avril


Shetland
15 Aprili 1998

Dada,

Barua yako imefika leo, naijibu leo leo.

Naomba unijibu kitu kimoja tu. Katika zile karatasi za Muriel, jina langu limo? Ulisema kuna mengine hukunakili. Aliniona siku ile? Ameandika nilikuja, nilikaa muda gani, nilisema nini? Kuta zile zinapitisha kila kitu. Nani mwingine amezisoma? Bandari wameniambia jibu la mwisho ni mwezi ujao, na wao huuliza halmashauri.

Usionyeshe mtu barua hii. Ikiwezekana ichome.

C.


Lathe Crescent 14
18 Aprili 1998

Clive,

Safari hii sina salamu. Umeuliza kama jina lako limo.

Limo.

Sikutaka uyaone haya. Nilijiambia Mama kaenda, kwa nini nimpasue moyo aliye mbali. Lakini wewe unaogopa jina lako kwa sababu ya kazi, basi lione lilivyokaa humo. Nimenakili kwa mkono, Nuttall hakunikatalia.

"14 Februari 1997. Saa kumi jioni. Mzee anapiga kelele: Clive! Clive! Binti anasema: yuko njiani, Mama."

"15 Februari. Saa kumi na dakika tano. Mzee anamwita Clive. Anafungua na kufunga mlango wa mbele mara tisa."

"3 Mei. Saa kumi. Clive, Clive. Binti anawasha redio kwa sauti kubwa. Mzee ananyamaza."

"11 Agosti. Saa kumi kasoro. Mzee yuko nje barabarani bila viatu, anamtafuta Clive. Binti anamrudisha. Wote wanalia."

"8 Januari 1998. Saa kumi. Mzee anasema Clive, kwa sauti ndogo. Nimesikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza."

Hizo ndizo kero za namba 14. Ile milango ilikuwa ni yeye anakutafuta. Redio ni mimi, maana bendi ya tarumbeta peke yake ndiyo ilimtuliza. Jina lako limo kila ukurasa, Clive, kila ukurasa. Saa uliyokuja mwenyewe ndiyo hamna. Asubuhi ya Ijumaa Kuu Muriel alikuwa kanisani.

Kwa hiyo mwandiko wako haujulikani na mtu ila mimi. Lala salama. Mimi nitakwenda kikaoni na nitasema tena siujui. Lakini usiniite dada kwenye barua inayoniambia niichome.

Avril


Shetland
23 Aprili 1998

Dada Avril,

Nimekuandikia barua tatu nikazichana. Hii ya nne naipeleka posta kabla sijaisoma.

Leo asubuhi nimewatumia halmashauri barua ya kusajiliwa. Nimeandika kwamba ile fomu niliijaza mimi, Clive Garside, na sahihi ya Mama niliitia mimi. Nimesema dada yangu aliishi humo, na kwamba nilijua. Nakala nimeipeleka kwa watu wa bandari kwa mkono, wasije wakaisikia kwa wengine. Inga alinisindikiza. Hakuna aliyenishika mkono pale, lakini hawakunifukuza. Watanijibu.

Sasa nikueleze ya siku ile, kwa sababu unadhani nilikutoa kwenye fomu makusudi.

Nilifika saa tano. Mama alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha kwa heshima sana. Akaniuliza kama nimetoka mbali. Nikacheka, nikadhani ananitania kwa kukaa muda mrefu bila kuja. Akanikalisha, akasema, "Samahani, siwezi kukaa na wewe sana, namngoja mwanangu Clive." Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akanitazama, akasema, "Hapana, Clive ni mdogo."

Ile fomu ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaifungua. Nikamsomea maswali, nikamuuliza nani anaishi humu. Akasema, "Naishi peke yangu. Namngoja Clive." Nikaandika alivyosema. Viatu vyako vilikuwa pale mlangoni, dada, niliviona. Nikaandika alivyosema, nikatia sahihi, nikaondoka. Meli yangu ilikuwa ya kesho yake. Nililala kwenye stesheni ya Aberdeen nikiingoja, sikuweza kukungoja urudi na samaki na kukueleza kwamba Mama hanijui.

Ndiyo maana sikurudi. Hakuna sababu nyingine. Nilisema nikibaki huku nitaendelea kuwa yule anayengojwa.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, pata nyumba tu.

Clive


Lathe Crescent 14
29 Aprili 1998

Clive, mdogo wangu,

Hatujambo. Goti lile lile. Soksi zimefika, mwambie Inga ni nzuri mno, na umwambie kwa uso mkavu.

Kikao kilikuwa jana. Nilivaa koti la Mama. Nuttall aliisoma barua yako kwa sauti, na mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akauliza, "Huyu anajua amejiandikia makosa?" Nuttall akasema inaonekana anajua. Akaandika kitu. Wamesema la kodi watalishughulikia na wewe baadaye, jiandae kwa barua kali, lakini polisi hakuna aliyewataja.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Muriel Stobbs na kofia ya mazishi. Hakuniangalia. Akasema karatasi zile ni zake, kila mstari.

Mwenyekiti akamuuliza, "Una hakika Bi Avril Garside alikuwa akiishi pale mwaka mzima?"

"Kama nina hakika? Mama, ningefurahi kama asingeishi pale. Anaishi. Anateremka ngazi kama gunia la viazi."

"Na hana chuki nawe, wala wewe naye?"

"Ninayo," Muriel akasema. "Lakini saa haidanganyi."

Walitoka dakika kumi. Waliporudi wakanipa upangaji, kwa jina langu, na onyo la maandishi kuhusu milango. Nililipokea onyo kwa mikono miwili. Tulirudi na basi moja mimi na Muriel, viti mbalimbali. Kwenye geti lake akasema, "Sikuwa najua alikuwa anaumwa kiasi kile. Nilidhani mnagombana." Nikamwambia hata angejua, kelele ni kelele. Akakubali.

Sasa lako. Umekaa mwaka mzima na neno lile kifuani peke yako, na mimi nimekaa na langu. Nilidhani nikikwambia utanionea huruma, na mimi sipendi huruma, unanijua.

Clive, mimi pia hakunijua. Tangu wiki ya pili. Alidhani mimi ni mtu wa halmashauri niliyetumwa kumfanyia usafi. Hukuandika uongo kwenye ile fomu, uliandika alichokijua yeye. Wewe walau aliliita jina lako. Mimi aliniita "bibi," kwa adabu, miezi kumi na nne. Kila jioni nikishamlaza alinishika mkono akaniambia, "Asante bibi, umefanya kazi nzuri. Sasa nenda kwenu." Nami nilimwambia asante, nikafunga mlango wake, nikapanda chumbani kwangu.

Leo nimeletewa karatasi ya halmashauri yenye mhuri, inasema hapa ndipo kwetu. Nimeisoma kwa sauti chumbani kwake.

Njoo wakati wowote. Nitakuwepo.

Dada yako,
Avril